Siku Serikali Ilipobisha Hodi

"Inatangazwa kwa raia wote, wakubwa kwa wadogo, wazima kwa wagonjwa, wanaosikia na watakaosimuliwa, kwamba baada ya uchunguzi wa kina uliofanywa na Wizara ya Uhamiaji, imebainika pasi na shaka ya kuwa hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuingia nchini."

Ndivyo lilivyoanza tangazo la Serikali, likasomwa redioni kwa sauti ile itumikayo kutangazia misiba mikubwa na bei mpya ya mafuta. Likaendelea kuwatuliza watu nyoyo. Wasihofu, kosa si lao. Walikutwa tu humu ndani siku Wizara ilipofunguliwa, na kwa pilikapilika za siku ile hapana aliyekumbuka kuwauliza wameingiaje. Basi Serikali, kwa huruma yake isiyo na kipimo, imewaandalia utaratibu wa kutoka wote nje ya nchi na kuingia upya, safari hii kwa adabu.

Aliyeandika maneno hayo alikuwa Mkurugenzi wa Historia ya Kiti, mtu mwembamba, mpole, mwenye tai fupi na jina refu la cheo. Wizarani walimwita Kwa-Mujibu, kwa kuwa hakupata kufungua kinywa bila ya kutanguliza maneno hayo. Akiulizwa saa, alijibu kwa mujibu wa saa yake. Inasimuliwa kwamba hata siku ya ndoa yake, shehe alipomuuliza kama amekubali, alijibu, "Kwa mujibu wa yaliyo mbele yetu, nimekubali," na shehe akalazimika kumuuliza tena.

Kazi yake ilikuwa kuandika historia ya Waziri wa Uhamiaji tangu kuasisiwa kwa cheo hicho, isomwe siku ya maadhimisho. Nayo ilikuwa historia tukufu. Waziri wa Kwanza, Mungu amrehemu, alikabidhiwa Wizara isiyo na kitu ila meza moja iliyowekwa njiani mpakani. Alikaa pale mwenyewe, akawauliza wapitao habari za walikotoka, akawapa maji ya kunywa. Kwa mujibu wa Mkurugenzi, hizo zilikuwa zama za giza. Waziri wa Pili aliondoa maji. Waziri wa Tatu akalaza gogo lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, akaliita kizuizi, na akatunga maswali manne ambayo mgeni huulizwa hata leo: Nani wewe? Umekuja kufanya nini? Unakaa au unapita? Nani anakujua humu ndani? Waziri wa Nne ndiye mwanamageuzi aliyewapita wote. Aliliondoa benchi la wageni lililokuwa upande wa nje, kwa hoja kwamba mgeni akikaa hujisahau. Waziri wa Tano akaikamilisha fikra hiyo kwa kuukata mti uliokuwa ukiwatilia kivuli.

Waziri wa Sita ndiye huyu wa sasa. Naye, maskini, alikuta hakuna kilichobaki cha kuondoa.

Asubuhi aliyokwenda kumsomea Mheshimiwa rasimu ya hotuba, Mkurugenzi alipita chumba cha nje, ambamo katibu mukhtasi alikuwa akijipaka rangi ya kucha kwa utulivu wa mtu anayetia saini mkataba wa amani. Mbele yake, juu ya kiti cha mbao chini ya saa ya ukutani, alikuwa ameketi bibi mmoja mwenye mtandio uliopauka, na kapu lake mapajani. Mkurugenzi alikwisha kumzoea bibi yule kama alivyoizoea ile saa. Vyote viwili vilikuwa pale kila siku, na hakuna aliyevitazama.

"Mama, nimekwambia Mheshimiwa ana wageni," katibu mukhtasi alisema bila ya kuinua macho. "Njoo kesho."

"Hiyo kesho ndiyo leo, mwanangu. Jana uliniambia kesho."

"Basi ndiyo uje kesho ya leo."

"Mwambie tu ni mtu wa nyumbani."

"Kila anayekalia kiti hicho ni mtu wa nyumbani. Watu wa nyumbani siku yao ni Alhamisi."

"Na Alhamisi yupo?"

"Alhamisi hayupo."

Bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri, akalisogeza kapu lake. Mkurugenzi akamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikiwa, "Marahaba, baba, Mungu akukuze." Kisha akaingia ndani, na kabla mlango haujafungwa alikuwa ameshamsahau.

Mheshimiwa Waziri alikuwa amesimama dirishani akiitazama nchi, mikono nyuma, tumbo mbele.

"Haya, Mkurugenzi. Anza na ile beti."

Mkurugenzi alikohoa, akaghani beti aliyoitunga mwenyewe kukisifu Kiti:

*Kiti hiki ndicho kiti, kisicho mwenzi nchini,*
*Hapiti mtu hapiti, ila kwa yake idhini,*
*Awe amevaa suti, au kanzu ya kitani,*
*Asimame asiketi, abishe hodi langoni.*

"Rudia hapo pa suti," Mheshimiwa alisema, na uso wake ukachanua. Akarudiwa. "Vizuri. Hapo pana usawa mbele ya sheria. Endelea."

"Kwa mujibu wa kumbukumbu zilizopo," Mkurugenzi akaendelea kusoma, "tangu kuasisiwa kwa Kiti hiki, hajaingia mtu nchini ila kwa idhini yake."

Mheshimiwa akainua mkono.

"Hajaingia mtu?"

"Hajaingia, Mheshimiwa."

"Na mimi?"

"Wewe, Mheshimiwa?"

"Mimi nimo nchini, au simo?"

"Umo, Mheshimiwa. Umo sana."

"Nani alinipa idhini?"

"Mheshimiwa, wewe ulizaliwa."

"Kabla ya kuzaliwa nilikuwemo?"

"Hukuwemo."

"Baada ya hapo nikawemo?"

"Ukawemo."

"Basi niliingia. Nilibisha hodi?"

"Kwa mujibu wa… nadhani ulilia, Mheshimiwa."

"Kulia si hodi. Na nani aliniambia karibu?"

Swali lile angeweza kulijibu mtoto yeyote anayecheza barabarani, lakini Mkurugenzi alikuwa na shahada mbili. Ikabidi aitwe Mwanasheria wa Wizara, mtu ambaye alikuwa haingii chumbani bila ya kwanza kukitazama kizingiti kama kina kesi. Akasikiliza, akafumba macho, akatamka kwamba hapo pana pengo.

"Pengo kubwa?" Mheshimiwa aliuliza.

"Mheshimiwa, ni pengo lenye ukubwa wa nchi."

Macho ya Waziri yakang'aa. Mtu aliyekosa cha kuondoa leo amekipata: wangeondolewa watu.

Hata ikiadhiniwa adhuhuri, Kanuni za Kuingia Upya zilikuwa zimekamilika. Kanuni ya Kwanza ilisema kwamba mwenye kuingia atasimama nje ya kizuizi, atabisha hodi, na atayajibu maswali manne. Kanuni ya Pili ilisema kwamba karibu itatolewa na mtu aliye ndani asiye na nia ya kutoka; maneno haya ya mwisho yaliongezwa na Mwanasheria ili karibu iwe na mizizi, isije ikatolewa na mpita njia. Kanuni ya Tatu aliiandika Mkurugenzi mwenyewe kwa kuyakumbuka aliyofundishwa utotoni chuoni, akiwa amekaa juu ya mkeka, na aliiandika kwa machozi ya fahari: mwenye kubisha hodi mara tatu bila ya kuitikiwa, arudi alikotoka, wala asinung'unike.

Ikaamuliwa kuwa kiongozi ni kioo, kwa hiyo Serikali yote itatoka kwanza. Raia wangeifuata wiki inayofuata, kila mtaa kwa zamu yake. Na kwa kuwa nje ya nchi ni nje ya nchi, hata pawe umbali wa pua na mdomo, kila mtumishi atakayetoka angelipwa posho ya safari ya nje. Hoja hii ilipita bila ya mjadala. Ndani angebaki Mkuu wa Kituo cha mpakani peke yake, ili awepo wa kusema karibu.

Kisha Mheshimiwa akafungua ramani.

"Hii nyumba iliyobanana na geti ni ya nani?"

Mkurugenzi akaitazama. Akatamani macho yake yawe na kosa. "Kwa mujibu wa ramani, Mheshimiwa… ni ya mama yangu."

"Hongera! Basi mama yako ndiye Raia wa Kwanza. Sisi tukishaingia, atoke yeye, apigwe picha, abishe hodi, aingie. Nchi nzima itamfuata."

"Na asipotaka?"

"Asiyetoka ni mgeni aliyejificha," alisema Mwanasheria kwa upole. "Nyumba yake itabomolewa. Hapo hapo tutajenga Ukumbi wa Makaribisho."

Mkurugenzi akatia saini mahali alipoonyeshwa.

Alifika kwa mama yake, Bi Mkubwa, baada ya alasiri. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na dirisha lake lilitazama kizuizi hivi kwamba mtu akipiga chafya upande wa nje, Bi Mkubwa humwombea rehema akiwa kitandani. Kwenye mwimo wa mlango zilikuwapo bado alama za mkaa ambazo marehemu baba yake Mkurugenzi alizipiga kila mwaka kupima kimo cha mwanawe.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Ingia taratibu, usimtie kiwewe."

"Nani, mama?"

"Kuku. Ameatamia."

Nyuma ya mlango, ndani ya kapu lililotandikwa matambara, kuku wa kijivu alimtazama Mkurugenzi kwa jicho moja, kama ofisa anayetazama pasi yenye picha ya zamani. Mkurugenzi akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama, umeteuliwa kuwa Raia wa Kwanza."

"Wa kwanza kufanya nini?"

"Kutoka. Unatoka nje ya geti pale, unabisha hodi, unakaribishwa, unarudi."

"Narudi wapi?"

"Hapa."

"Hapa si ndipo nilipo?"

"Upo, mama. Lakini kwa mujibu wa Wizara, hujafika."

Bi Mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Ewe Mola wangu! Nimekuzaa, nimekulea, nimekupeleka chuoni, nimekuuzia mbuzi usome, na elimu yote hiyo imekuja kuniambia kwamba sijafika!"

"Mama, ni jambo la dakika chache."

"Mwanangu, siku hiyo si mtaleta bendi? Mtaleta matarumbeta? Kuku akiachwa peke yake na matarumbeta atasusa mayai. Sitoki."

"Kwa sababu ya kuku!"

"Na Waziri wenu yeye ameatamia nini?"

Mkurugenzi akainamisha kichwa. Akamweleza habari ya Ukumbi, ya kubomoa, ya tingatinga ambalo litaegeshwa hapo nje tangu siku moja kabla, na sauti yake ikawa inapungua kila neno, hata alipofika kwenye saini aliyoitia yeye mwenyewe akawa ananong'ona. Bi Mkubwa hakucheka tena. Alikwenda mlangoni, akakipitisha kidole kwenye alama ya mkaa iliyo chini kabisa.

"Baba yako alikijenga chumba hiki kabla ya gogo lenu kulazwa hapo," alisema. "Haya. Waje. Lakini waambie waje bila ya kelele."

Siku ikafika, na kelele zikafika nayo. Bendi ilipiga, bendera zikapepea, kamera zikasimikwa. Serikali ikatoka: mawaziri kwa itifaki, makatibu wakuu kwa ukubwa wa magari, wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi, na wasaidizi wa wasaidizi ambao hapana aliyepata kujua wanasaidia nini. Posho ilikuwa ikigawiwa upande wa nje wa kizuizi. Mkuu wa Kituo alikuwa amesimama imara upande wa ndani kama alivyoamriwa. Akaziona bahasha. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama, akapita chini ya gogo lililokuwa limeinuliwa. Mwendesha tingatinga alimwona, akazima injini, akashuka, akamfuata. Mkurugenzi naye, mwenye faili la Kanuni kwapani, alivuka mwisho, macho yakiwa kwenye dirisha la mama yake. Nyuma yake gogo likajishukia lenyewe kwa uzito wake.

Mheshimiwa Waziri alihutubia. Aliisifu meza, akalisifu gogo, na akamsifu zaidi Waziri wa Nne kwa kuondoa benchi. Kisha akaiweka tai yake sawa, akaielekea nchi, akanadi:

"Hodi!"

Bendi ikanyamaza. Nchi nayo ikanyamaza.

Waziri akasubiri, kisha akaita bila ya kugeuka, "Mkuu wa Kituo!"

"Naam, Mheshimiwa!" sauti ikaitika nyuma ya kisogo chake.

Akageuka polepole. "Wewe uko huku?"

"Niko huku, Mheshimiwa. Na mimi nilikuwa sijaingia."

Upande wa ndani walikuwa wamekusanyika watu wa mjini waliokuja kutazama, na mbele yao amesimama muuza viatu vya mitumba, baiskeli yake ikiwa imesheheni pea zilizofungwa kamba kama samaki.

"Wewe mwenye viatu!" Mheshimiwa aliita. "Sema karibu!"

"Mimi, Mheshimiwa? Mimi bado sijafika. Redio imesema."

"Ninakuamuru!"

"Tena nina nia ya kutoka. Wiki ijayo ndiyo zamu ya mtaa wetu, nimeshajiandalia hata chupa ya maji. Kanuni yenu inataka asiye na nia. Nisije nikamkaribisha mtu mzima karibu isiyo na mizizi."

Watu wakacheka. Waziri akashika gogo kutaka kuinama, lakini Mwanasheria akamdaka mkono.

"Mheshimiwa, kamera! Kupita bila ya karibu ni kuruka mpaka. Adhabu yake uliiongeza wewe mwenyewe."

"Hodi!" Waziri akarudia, safari hii kwa sauti iliyopungua kidogo. Kimya.

"Imebaki moja," alinong'ona Mwanasheria. "Ikipita ya tatu, Kanuni inakutaka urudi ulikotoka."

"Nilikotoka ni humo ndani!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na humo ndani huwezi kuingia."

"Sasa nitakuwa wapi?"

Mwanasheria akafumba macho akatafakari. "Kisheria, Mheshimiwa, hutakuwa."

Jua lilikuwa kali, na Waziri wa Tano alikwisha kuukata mti. Jasho likaanza kuchora barabara katika unga wa uso wa Mheshimiwa, aliopakwa kwa ajili ya kamera. Akamwambia muuza viatu, kwa sauti ambayo sasa ilikuwa na "tafadhali" ndani yake, apande baiskeli yake akimbie wizarani kuleta muhuri mkubwa, huenda muhuri ukafaa badala ya karibu. Muuza viatu akazishusha pea zake, akaondoka.

Hapo Mkurugenzi akasogea, akakohoa.

"Mheshimiwa, kwa mujibu wa Kanuni ya Pili, yuko mtu mmoja aliye ndani asiye na nia ya kutoka. Ametamka hivyo mbele yangu mimi mwenyewe."

"Nani huyo? Kwa nini hukusema? Mpandishe cheo!"

"Ni mama yangu, Mheshimiwa. Ni yule ambaye leo jioni tunambomolea nyumba."

Waziri alilitazama dirisha. Akalitazama tingatinga, ambalo halikuwa na mtu. Akavuta pumzi, akaipeleka hodi yake ya mwisho dirishani, kwa upole ambao haukupata kusikika kutoka kwake tangu kampeni.

"Hodi, mama yangu, hodi."

Dirisha likafunguliwa.

"Nani anayepiga makelele? Humu ndani mna mzazi!"

"Mimi."

"Mimi nani? Kila abishaye ni mimi."

Watu wa mjini wakatazamana. Sauti ilikuwa ya Bi Mkubwa, lakini mwendo wake ulikuwa ule ule wa maofisa wa mpakani, ambao aliusikia kupitia dirisha lile tangu gogo lilipolazwa.

"Mimi ni Waziri wa Uhamiaji."

"Wa nchi gani?"

"Wa hii!"

"Mbona uko nje yake? Haya, tuyaache. Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuingia."

"Unakaa au unapita?"

"Ninakaa," alisema Waziri kwa uthabiti.

"Wenzako watano walisema hivyo hivyo. Nani anakujua humu ndani?"

"Watu wote wananijua!"

Bi Mkubwa akatoa kichwa dirishani. "Enyi jamaa, mnamjua?"

"Tunamjua wa kwenye picha," alijibu mama mmoja. "Lakini yule ni mwembamba."

"Mama," Mkurugenzi aliita, "niache mimi nimdhamini."

"Wewe uko wapi?"

"Niko nje, mama."

"Aliye nje atamdhaminije aliye nje? Nyamaza." Kisha sauti yake ikalainika. "Wewe nakujua. Wewe ulikuja alfajiri, hukubisha hodi, ulilia tu, na mimi ndiye niliyekuambia karibu. Inama upite, jua linakuchoma."

Mkurugenzi akainama, akapita. Upande wa nje Serikali nzima ilibaki kinywa wazi, kwa maana swali lililoitoa nchini lilikuwa limejibiwa dirishani na mwanamke aliyekuwa na haraka ya kurudi kwa kuku wake.

"Ni sahihi kisheria," alisema Mwanasheria, na kabla hajamaliza kusema alikuwa amekwisha kutoa simu kumtafuta mama yake.

Wote wakawatafuta mama zao. Wakaja, wengine kwa miguu, wengine kwa pikipiki, wakapita mbele ya gogo wakichagua wana wao kama waumini wanaotafuta viatu vyao mlangoni pa msikiti: huyu wangu, yule si wangu, huyu ni wangu ila soli imekwisha. Aliyefiwa na mama alichukuliwa na shangazi au mama mdogo. Katibu Mkuu mmoja alikanwa mara mbili kabla ya kukubaliwa kwa masharti. Mwanasheria alikuja kuchukuliwa na mama yake, naye alimvusha kwa kumshika sikio. Na kwa kuwa nyumba ile ya vyumba viwili ndiyo iliyokuwa ikitoa karibu, ikawa ndiyo Ukumbi wa Makaribisho bila ya kuwekwa hata tofali, na habari ya kuibomoa haikuwa na wa kuitaja.

Alasiri ilipopinda, upande wa nje walikuwa wamebaki wawili: Mheshimiwa Waziri, na katibu mukhtasi wake, ambaye mama yake alikuwa akija kwa basi.

"Mama yako yuko wapi, Mheshimiwa?" Mkurugenzi alimuuliza.

"Yuko mbali. Mbali sana. Nimekuwa nikikusudia kwenda kumwona, lakini kazi za taifa…"

Hapo ikasikika kengele ya baiskeli. Muuza viatu alikuwa amerudi, anahema.

"Muhuri sikuuona," alisema. "Wizara nzima haina mtu, mezani nimekuta chupa ya rangi ya kucha. Ila chini ya saa nimemkuta huyu, ameketi. Anasema jana aliambiwa aje kesho, basi amekuja."

Kutoka kwenye keria ya baiskeli akashuka bibi mwenye mtandio uliopauka, kapu mkononi. Akaupanga mtandio wake. Mkurugenzi alihisi damu ikimpanda usoni. Katibu mukhtasi akazitazama kucha zake.

"Mama!" alilia Waziri, na sauti ikamtoka ikiwa nyembamba kama ya mtoto aliyepotea sokoni.

Bi Mkubwa alitoa kiti nje, akamkalisha mgeni kivulini mwa ukuta, akamletea maji, kama alivyokuwa akifanya Waziri wa Kwanza katika zama za giza.

"Dada yangu, huyu ni wako?"

Bibi akamtazama yule mtu wa ng'ambo ya gogo, akamtazama sana, kuanzia viatu hata utosi.

"Ni wangu," alisema. "Nilimwambia karibu nikiwa peke yangu, na paa linavuja."

"Basi mwite apite."

Bibi akanywa maji yake yote kwanza. Akaiweka bilauri juu ya kapu. Kisha akasema bila ya hasira yoyote, kama mtu aliyejifunza lugha ya ugenini kwa wenyewe:

"Mwanangu, leo nina mwenyeji wangu hapa, tunazungumza. Njoo kesho."

"Kesho utakuwepo, mama?"

"Kesho ni Alhamisi. Watu wa nyumbani siku yao ni Alhamisi."

Katibu mukhtasi akafumba macho, kwa sababu yaliyosalia aliyajua.

Waziri wa Sita akageuka huku na huku. Miguu ilimwuma. Palikuwa na vumbi, na gogo, na kisiki cha mti.

"Na leo nikae wapi?" aliuliza.

Mkurugenzi akafungua faili lake, kwa mazoea.

"Kwa mujibu wa beti ya Wizara, Mheshimiwa," alisema, na hakuwa na shari yoyote moyoni, "*asimame asiketi.*"

Mheshimiwa akasimama.

Basi alikuwa amesimama vivyo hivyo, jua likimwekea kivuli kirefu kisichomfaa, mara ikasikika kutoka ndani ya nyumba sauti ya Bi Mkubwa, iliyojaa furaha, ikipaa mpaka ng'ambo ya kizuizi:

"Karibu! Karibu, karibu mwanangu, karibu ndani!"

Waziri akainua mguu mmoja juu ya gogo, uso umemng'aa.

Mkurugenzi akatega sikio mlangoni, kisha akampungia mkono kumzuia.

"Siyo wewe, Mheshimiwa," alisema. "Kwa mujibu wa mlio, ni kifaranga."